Malkia Mwenye Pua Yako

Shemeji yangu mpendwa,

Niwie radhi kwa kukawia kukuandikia. Afya ninayo, na paa halivuji tena.

Binti yangu anatengeneza jalada la mchezo ambao watu huketi mezani wakijifanya mashujaa. Mimi nachora kwa penseli. Yeye huingiza mchoro kwenye kompyuta, akautia rangi na moto. Tunaelewana vyema, ila hunigombeza nikipuliza vumbi la kifutio juu ya kioo chake.

Aliniomba malkia mchawi. Nikakusudia kumchora marehemu mke wangu, dada yako. Binti alipomwona akaangua kicheko: "Baba! Huyu si mama, ni mama mdogo! Pua yake, na kiburi chake!"

Ni kweli, shemeji. Sura ya marehemu imeanza kunitoka. Nikiitafuta, naipata yako.

Binti hataki kuchapisha bila idhini yako, nami nakuomba ruhusa na msamaha kwa pamoja. Ukikataa, atakufuta kwenye kompyuta mara moja, wala hatutanung'unika. Ila karatasi yangu naomba niachiwe. Katika zote nilizojaribu, ndiyo iliyomkaribia marehemu.

Ni mimi shemejio, mwenye haya na furaha,
Baba wa mchoraji