Barua ya Kwanza kwa Kiairishi

Dublin, 6 Machi 2011

Kwa baba mkwe wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mjukuu wako Muireann. Sisi hatujambo, ila mafua ambayo Dublin nzima inayo. Wewe je, hujambo? Goti linasemaje? Masikio siyaulizii, maana juzi nilipokupigia simu nilikuuliza habari za dawa, nawe ukanijibu habari za ng'ombe. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Baba, nimeanguka usaili wa lugha. Wale watu wa kaunti walikuwa wapole, na upole wao ndio ulioniumiza. Mmoja alisema Kiairishi changu kina moyo mzuri lakini mifupa imevunjika. Kilichoniangusha zaidi ni uhusika milikishi, ile kanuni ya sarufi ya kusema kitu ni cha nani. Mume wangu Cóilín alipokuwa hai, kibali cha kujenga kilikuwa chake kwa kuwa alizaliwa huko kwenu. Sasa yuko kaburini, na msingi aliouchimba kwa mikono yake katika shamba lako unaota nyasi, nao wanasema mjane harithi kibali. Anayetaka kujenga kwenu lazima aonyeshe kwamba yeye mwenyewe anaizungumza lugha ya hapo. Nimebakiza nafasi moja tu, mwezi wa nane.

Kwa hiyo natafuta kozi ya sarufi ya watu wazima, ya kufa kupona. Nimeona tatu. Moja ni ya jioni hapa hapa Dublin, mara moja kwa wiki. Ya pili iko parokia ya jirani yako, wiki chache za kiangazi. Ya tatu iko Donegal, asubuhi hadi jioni, na ukisema neno la Kiingereza mara ya tatu unafungashiwa virago. Nishauri.

Dada yangu Noeleen naye kaniandikia tena kutoka Australia. Hospitali anayofanyia kazi inatafuta wauguzi kama mimi, na anataka jibu langu kabla mwaka haujaisha. Mimi moyo wangu uko huko kwenu. Lakini niambie na wewe, Baba: unataka tuje?

Mkweo,
Jacinta


Droim Rua, 19 Machi 2011

Mwanangu Jacinta,

Barua yako imenikuta mzima, namshukuru Mungu, natumaini na yangu itawakuta hivyo hivyo. Goti liko pale pale. Muireann ameota yale meno ya mbele, au bado anapiga mluzi akisema?

Habari za usaili zimenichekesha kwa hasira. Shamba alilolisafisha babu yangu jiwe kwa jiwe, leo anakuja kijana mwenye tai kumpima mke wa mwanangu kama anafaa kulala humo. Haya.

Kuhusu kozi, hiyo ya jioni ni ya watu wanaotafuta wachumba. Hiyo ya jirani nawaona kila mwaka, wanaimba, wanacheza, wanarudi kwao na nyimbo mbili na kikohozi. Ila ni karibu. Watu wa Donegal wanaongea utadhani wana kiazi cha moto mdomoni, lakini nasikia walimu wao hawana mchezo. Huyo uhusika milikishi uliyesema amekuangusha, mimi sijakutana naye kwenye barabara hii. Labda anakaa kwenu mjini. Usiniulize mambo ya darasani. Shule niliiacha mapema, mwalimu wetu alikuwa na fimbo na zile herufi za kale za Kiairishi, na kusoma nilikuja kujifunzia Uingereza kwenye magazeti ya mbio za farasi.

Chumba cha Cóilín nimekiwashia moto, unyevu umetoka. Kuhusu kuja, kama mnataka mje. Huko Australia wanasema kuna jua.

Baba yako,
Beartla


Dublin, 30 Aprili 2011

Baba mpendwa,

Salamu sana. Muireann ameota jino moja na anakutumia picha yake. Hatujambo, na wewe tunakuombea.

Nimechagua Donegal, pamoja na kiazi chao cha moto. Ningependa ile ya karibu na wewe, lakini sitafuti nyimbo, natafuta mifupa. Kozi inaanza Juni. Mama yangu atakaa na Muireann, kwa hiyo usijisumbue na chumba.

Sasa usinikasirikie. Nilikuuliza unataka nini wewe, nawe umeniambia kama tunataka sisi. Cóilín alikuwa akiniambia baba yake ana maneno kuliko mtu yeyote pwani hiyo, na nilikuwa nawasikia jikoni mkicheka mpaka meza inatikisika. Mimi nikiingia tu mlangoni, wote mnageukia Kiingereza kwa adabu, na kicheko kinakwisha. Nimeishi ndani ya adabu hiyo tangu siku ya harusi yangu. Najua hamkuwa na nia mbaya. Lakini sijawahi kukutana na yule Beartla anayesifiwa, na mume wangu amekufa bila kunipeleka kwake.

Basi naifuata lugha kwa ajili ya kibali, ndiyo, lakini pia naifuata kwa ajili yako.

Mkweo,
Jacinta


Droim Rua, 22 Mei 2011

Mwanangu,

Salamu. Mimi sijambo. Nimechelewa kujibu kwa kuwa tulikuwa kinamasini tukikata mboji tunayoikausha iwe kuni, mimi na mume wa Baibín jirani, na mgongo umeniambia umri wangu. Picha ya mtoto imefika. Ana paji la uso la Cóilín.

Maneno yako nimeyasoma. Mtu akizoea kumsemesha mwenzake kwa lugha moja, kugeuza ni kazi, anajiona kama amevaa suruali ya mtu mwingine. Si zaidi ya hapo.

Shamba ni lenu na nyumba ni yenu, fanyeni mnavyoona. Mwambie Muireann ndama amezaliwa na hana jina.

Baba yako,
Beartla


Donegal, 3 Julai 2011

Baba,

Shikamoo kutoka nchi ya mvua. Afya ninayo, usingizi sina.

Kozi hii si mchezo. Tuko kumi na kitu, na wawili wameshakimbia. Mwalimu wetu, mwanamke mfupi anayeitwa Sadhbh, anatukamua nomino na vitenzi kuanzia asubuhi, na mtu akikosea anamwambia, "Rudia, hakuna aliyekufa bado." Nikajibu kwamba kwangu amekufa mtu. Halafu akasema, "Basi rudia kwa ajili yake." Nikarudia. Sijui kama nimemchukia au nimempenda.

Lakini hili ndilo nililotaka kukuambia. Ijumaa alitufungulia kanda ya zamani, mzee mmoja wa kwenu anasimulia jinsi walivyomtafuta farasi aliyepotea theluji ilipoanguka. Sadhbh akasema, "Sikilizeni, hiki ndicho Kiairishi kisicho na doa." Baba, ilikuwa sauti yako. Cóilín aliniambia watu wa chuo kikuu walikuja kwako na kinasa sauti, lakini sikujua kwamba wanakufundisha huku. Nikasema, "Huyo ni baba mkwe wangu," na wote wakageuka kunitazama. Nilielewa karibu yote. Ulikuwa unachekesha. Nilicheka, kisha nikatoka nje nikalia ukutani.

Nikimaliza hapa nitakuandikia barua kwa lugha yako.

Mkweo,
Jacinta


Dublin, 28 Agosti 2011
(Barua hii iliandikwa kwa Kiairishi.)

Baba mpendwa,

Mungu na Maria wakusalimu. Hii ndiyo barua yangu ya kwanza kwa Kiairishi, na hakuna aliyenisahihishia. Muireann mzima, mimi mzima, natumaini nawe mzima.

Nimefaulu. Yule aliyesema mifupa yangu imevunjika ndiye aliyenipa mkono. Kibali sasa kina jina langu. Nilipotoka nje nilikaa ndani ya gari la Cóilín nikamwambia yeye kwanza. Wewe ni wa pili.

Kwa hiyo sheria haituzuii tena. Kilichobaki ni wewe. Kwa Kiingereza nimekuuliza mara nyingi na umenijibu kwa kuzunguka, labda kwa sababu si lugha uliyozaliwa nayo. Ndiyo maana leo nakuuliza kwa hii. Unatutaka karibu nawe, mimi na mtoto? Au kutuona kila siku kutakuwa ni kumwona Cóilín asiyekuwepo? Ikiwa ni hilo, nitalielewa, maana hata mimi kuna asubuhi namtazama Muireann nikaumia.

Noeleen anasubiri jibu. Sitaki kukulazimisha kusema hapana kwa mdomo wako. Ukitutaka, niandikie neno moja tu. Ukiniandikia habari za mvua na viazi, nitajua ni hapana, na wala sitakuuliza tena.

Nakupenda, Baba. Kwa Kiingereza sikuwahi kuweza kukuambia.

Binti yako,
Jacinta


Droim Rua, 11 Septemba 2011

Mwanangu Jacinta,

Natumaini mko salama kama nilivyo mimi. Barua yako ya Kiairishi imefika, nimefurahi sana. Mwandiko mzuri, mistari imenyooka, na Kiairishi chake ni safi. Cóilín angejivuna. Naitembeza mfukoni mwa koti.

Huku mvua haijaacha wiki nzima. Viazi vya upande wa chini vimeoza, vya juu vimepona. Ndama sasa ni mkubwa na bado hana jina. Baibín amefanyiwa upasuaji wa jicho na anakusalimu.

Basi mjitunze. Nitaandika tena.

Baba yako,
Beartla


Dublin, 4 Novemba 2011

Baba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Utakapoisoma tutakuwa tumeshafika Perth, kwa Noeleen. Nisamehe kwamba hatukuja kuaga, nisingeweza kusimama jikoni kwako nikaondoka.

Ulinijibu kwa mvua na viazi, kama nilivyosema kwamba ungeweza kufanya, na mimi ni mtu wa kutimiza neno langu. Sina kinyongo. Nilikaa na barua yako mwezi mzima nikitafuta ndani yake neno jingine, sikuliona. Nimetia sahihi kazi ya miaka minne, na Muireann ameshaandikishwa shule. Makaratasi ya kibali nimeyaacha kwa mama. Ukitaka kulilima lile shamba tena, lima.

Jacinta


Droim Rua, 20 Novemba 2011

Jacinta mwanangu,

Msalimie Muireann kwanza. Mwilini sijambo.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, na sikuelewa ni swali gani nililijibu kwa viazi. Nikaitoa ile ya Kiairishi mfukoni, nikaenda kwa Baibín, nikamwambia, "Nisomee." Akanitazama na jicho lake jipya. "Wewe, Beartla? Wanatoka Amerika kuja kukusikiliza, mimi ndiye wa kukusomea?" Nikamwambia, "Soma, mwanamke." Alisoma. Alipofika mahali pa neno moja alivua miwani, akasema hawezi kuendelea. Mume wake ndiye aliyemalizia.

Sijui kusoma Kiairishi. Hata mstari mmoja. Zile herufi za kale za shule zilinitoa damu mkononi nikazisahau, na tahajia hii mpya ya Kiairishi hakuna aliyenifundisha. Barua zozote za lugha hiyo Cóilín alinisomea, na tulikubaliana kwamba hatamwambia mtu, hata wewe. Yako ilipofika ningeweza kuipeleka kwa Baibín siku ile ile, ni hatua chache kuvuka barabara. Lakini ulikuwa umeniandikia kwamba wanafundisha kwa sauti yangu, na niliona aibu. Nikakusifia mwandiko. Watu watasema ni bahati mbaya. Si bahati, ni kiburi changu, na kimenigharimu nyinyi wawili.

Baibín alitaka kunipigia simu huko ili niongee nawe. Nikamwambia nitasikia nini mimi?

Sikuombi mrudi. Umetia sahihi, na mtoto si mzigo wa kuhamishwa huku na huko kwa sababu babu yake ni mjinga. Ila asikue akidhani aliulizwa babu akasema hapana. Uliniuliza kama kuwaona kila siku kungeniumiza. Kungeniumiza, na ningekubali kuumia kila siku mpaka ninakufa.

Hii nimeiandika kwa Kiingereza, lugha ambayo sijawahi kuwa hodari nayo, na imenishinda mara tatu. Nilitaka mje. Tangu barua ya kwanza nilitaka, na sikulisema.

Baba yako,
Beartla