Dirisha la Mama

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na pole kwa kumuuguza mama. Kifua chake kinaendeleaje? Bado anakaa dirishani kila asubuhi, akimkagua kila apitaye kama askari wa zamu? Mimi mwili mzima, ila moyo umekufa ganzi.

Ile kazi yangu unayoiita gemu ndiyo iliyonipa habari hizi. Lile ghorofa linalomaliziwa nyuma ya nyumba yetu lilichorwa na ofisi yetu. Mimi nililijenga kwenye kompyuta, kuta, vioo, paa, hata watu watakaokaa, kisha programu ikakokotoa litakula umeme kiasi gani kwa mwaka. Limefaulu mno, litapewa cheti cha kutunza mazingira. Nyumba za jirani tunaziweka kama masanduku ya kijivu, kwa ajili ya vivuli vyake tu. Ya kwetu ni kisanduku kimoja, hakina mlango wala dirisha.

Sasa dada, ubaridi wa viyoyozi vya mle ndani una joto lake, na lazima litupwe nje. Mashine za kulitupa zimepangwa ukuta wa nyuma, zinatazamana na dirisha la chumba cha mama, katikati ni ule uchochoro tu. Zitavuma mchana na usiku. Nilipouliza joto hilo litakwenda wapi, mkuu wangu alinijibu kwa upole kwamba programu inapima jengo letu, si mtaa. Nikazihamishia paani kwenye kompyuta, paneli za jua zikakosa nafasi, cheti kikaota mbawa. Akaniambia nizirudishe. Nikazirudisha. Nilikwenda hadi manispaa, wakasema michoro haina kosa, na kweli haina. Nimeshindwa, dada.

Kuhama mama hataki hata kusikia, unamjua kichwa chake. Aliniambia humo atatoka akiwa amebebwa.

Lililobaki nalisema kwa aibu. Yule fundi wa Jumatatu, ambaye nilimwambia mama kuwa anakuja kupaka rangi, haji na rangi. Anakuja na matofali. Dirisha tukilifunga tu atalifungua, na kifua kile hakitaliweza joto lile. Siku hiyo mpeleke kwa jirani akapige soga. Akirudi, mwambie nimeamua mimi.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mama msalimie Jumapili, akiwa bado dirishani.

Ni mimi,
kitinda mimba wenu.