Uji, Soya na Joto la Akina Mama: Kikao cha Kamati ya Afya, Kijiji cha Ujamaa Isengwa, Usangu, Mbeya

Tarehe: Jumamosi, 14 Agosti 1976
Mahali: Zahanati ya kijiji

Waliohudhuria:
Nd. Jailos – Mwenyekiti
Nd. Sedekia – Mganga wa zahanati
Nd. Mbuke – Mjumbe, mpishi wa uji wa watoto
Nd. Sekela – Mjumbe
Nd. Tupokigwe – Katibu

Hakuhudhuria: Nd. Budeba (yuko joshoni na ng'ombe)

KUMB. NA. 1/8/76: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4 asubuhi, akaomba watu wasirefushe maneno kwani naye anangojewa joshoni.

KUMB. NA. 2/8/76: MPISHI WA UJI
Mwenyekiti alieleza kwamba Nd. Mbuke huacha chungu motoni na kutoka nje, uji unaungua, hivyo aondolewe kwa uvivu. Nd. Mbuke alijibu kwamba tangu hedhi ikome, joto humpanda ghafla kifuani hadi usoni, akalowa jasho, ndipo hutoka nje kupoa, na usiku halali. Alipofika zahanati aliambiwa ni uzee, anywe maji. Nd. Sedekia alikiri kusema hivyo, kwa kuwa dawa hana. Mwenyekiti alicheka. Kicheko kinaandikwa hapa kwa sababu kilikuwa kirefu.

KUMB. NA. 3/8/76: SOYA
Nd. Mbuke alikumbusha kwamba bwana mifugo aliwafundisha wafugaji kuwa baadhi ya malisho, hata soya, yana kitu kinachofanana na homoni za jike, na mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, akizidisha huchelewa kushika mimba.

"Habari za ng'ombe tunafundishwa siku nzima, mimi naambiwa ninywe maji! Ile kitu kama inafika kwa mtamba, kwangu itashindwa nini? Nataka kujaribu tu."

Aliomba sehemu ya soya ya shamba la akina mama itengwe kwa waliokoma hedhi. Mwenyekiti alipinga, akasema mwanamke si mtamba. Nd. Sekela alimjibu kwamba mtamba angalau hachekwi. Nd. Sedekia alisema hajui kama itasaidia na hawezi kuahidi, ila ni chakula, haoni ubaya.

Mwenyekiti aliuliza nani atashika mwiko Jumatatu badala ya Nd. Mbuke. Nd. Sekela alisema asitazamwe yeye, naye hulowa vilevile. Katibu alisema hata yeye.

AZIMIO (kura tatu kwa moja, mganga hakupiga): Nd. Mbuke abaki kazini. Soya itengwe. Mganga afuatilie na aseme kweli, isaidie isisaidie.

KUMB. NA. 4/8/76: MENGINEYO
Mwenyekiti aliagiza KUMB. NA. 2 na 3 zisiandikwe, kwa kuwa zitasomwa katani na kijiji kitaaibika. Katibu aliuliza aibu ni ya jasho au ya kicheko.

Zimeandikwa.

Wajumbe walitawanyika saa 6:20 mchana, Mwenyekiti akiwa ametangulia joshoni.

Mwenyekiti: ............... (nafasi yake ipo, akirudi)
Katibu: Tupokigwe