Usiitupe Ziwani Ile Mashine

Mama yangu mpenzi,

Kwanza kabisa niambie habari za magoti yako. Bado yanakataa kupanda ile njia ya kutoka sokoni? Na kifua, na usingizi? Mimi ni mzima, wajukuu zako ni wazima. Baridi ya huku Kanada imenipasua midomo lakini haijanizuia kusema, na leo utanisikia.

Nimeshika kalamu kwa sababu sauti ninazotuma kwenye simu ya Riziki zinasikilizwa na uwanja mzima. Barua hii anakuletea Baba Alimasi, jirani yangu hapa, anayekuja Baraka kwenye matanga ya kaka yake. Mwambie Riziki akusomee polepole, asiruke hata mstari mmoja, hata pale ninapomsema yeye.

Sauti yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu. Ulisema: "Sifa mutoto wangu, mi sitaki maneno na batu. Banasema ile mashini yako inakulaka nywele ya batu. Tukaitupe mu ziwa, bikwishe."

Mama, jibu langu ni hapana. Haitupwi ziwani, haitupwi popote. Na tuanze mwanzo, maana maneno haya yameshapita kwenye vinywa vingi.

Mashine ile niliinunua mimi. Kila Jumamosi nasafisha saluni moja hapa, na wenye saluni hawafagii. Wana fimbo isiyo na waya, inanyonya nywele na vumbi, na sakafu inakuwa safi kabla mteja mwingine hajakaa. Nikamfikiria mdogo wangu Riziki kwenye saluni yake hapo Baraka, anavyoinama siku nzima na ufagio wake wa njiti kama bibi kizee. Nikaenda dukani. Sikuchukua ile nzuri, kwa sababu nzuri ilitaka mshahara wa wiki mbili. Nilichukua ya bei ya chini, iliyorundikwa mlangoni. Rahisi ghali, najua, nilijua hata siku ile. Lakini kungoja ile ya maana kungekuwa kumwacha Riziki ainame miaka mingine mitatu. Sijuti.

Na siidanganyi nafsi yangu. Betri yake haimalizi robo saa. Nywele za bandia zinajizungusha kwenye brashi mpaka uzikate kwa wembe. Ikifa, hapo Baraka hakuna fundi mwenye kipuri chake. Ila kwa nywele fupi na vumbi la pikipiki linaloingia mlangoni, inafanya kazi, na Riziki mwenyewe aliniambia mgongo umepumua.

Sasa tuje kwenye moshi. Hapo kosa ni la Riziki, na alisome kwa sauti! Siku ile alikuwa akipasha kitana cha chuma kwenye mbabula, makaa yanawaka, anamnyoosha nywele msichana anayekwenda kuolewa. Majivu yakamwagika. Badala ya kushika ufagio, mwenzetu akayapitishia mashine. Majivu yalikuwa na moto ndani, na kikombe cha mashine kilikuwa kimejaa nywele. Ulitaka kitokee nini? Moshi ukatoka, harufu ikatoka, na wateja wakakimbilia barabarani, mmoja amesukwa upande mmoja tu.

Yule mama mwenye saluni ya ng'ambo ya barabara hakungoja majivu yapoe. Akaanza kutangaza: "Munaona? Inapikaka nywele yenu, njo banatumaka ku yaya yake kule Kanada. Munawaza mabati ya mama yao ilitoka wapi?"

Huyo yaya, dada mkubwa, ndiye mimi. Na mabati ya nyumba yako! Nitakwambia yalitoka wapi. Yalitoka kwenye vyoo vya watu ninavyosugua, na kwenye ngazi ninazopanda na ndoo huku vidole vimekufa ganzi. Mwaka jana msimamizi wangu alinipa fimbo kama hiyohiyo, betri imevimba kama shavu la mwenye jino bovu, akaniambia nikaichaji nyumbani kwangu, wanangu wanapolala. Nikaiweka juu ya meza yake, nikamwambia mimi siingizi moto nyumbani kwangu. Akaninyima kazi wiki mbili. Tulikula wali mtupu, Mama, na sikumwomba msamaha. Wiki ya tatu akaniita mwenyewe, na betri mpya mkononi.

Kwa hiyo hatari ya mashine hizi naijua kuliko huyo anayepiga kelele. Riziki aichaji mchana, yeye akiwa hapohapo, mbali na zile chupa za petroli zinazouzwa ukutani. Majivu, maji, kamwe. Betri ikivimba, aitoe nje, aiweke juu ya mchanga, asiichaji tena. Lakini si ziwani. Maji yale tunayanywa, na samaki wake wadogo, wale ndagala, tunawala.

Tena sisemi kwamba watu ni wajinga. Mimi mwenyewe, miaka sita huku, nywele zinazobaki kwenye kitana changu nazikusanya, siziachi kwenye takataka za mtu. Ni wewe uliyenifundisha. Zamani Riziki alifagia mbele ya macho ya mteja na kuzichoma nyuma ya nyumba, mteja anaona. Mashine ikaja ikazificha za watu wote kwenye kikombe kimoja, kimefungwa. Hapo tulikosa, mimi na yeye. Tangu sasa, kila mteja akinyanyuka, kikombe kifunguliwe mbele yake, na zake apewe kwenye karatasi. Akitaka azichome, akitaka aende nazo kwake.

Lakini Mama, kuna jambo ambalo hukulitia katika sauti yako. Nimelijua kwa Riziki, alinipigia akilia: "Yaya, benye banakuja sasa ni mama muchungaji na batoto ba kunyoa tu. Na Mama ye mwenyewe anaendaka kusukiwa kwa jirani. Batu banaona."

Imeniuma. Siwezi kulifunika. Yule wa ng'ambo ya barabara simwogopi, akutukanaye hakuchagulii tusi. Ila watu hawaangalii kinywa chake, wanaangalia kichwa chako. Wakiona mama mzazi amekikimbia kiti cha binti yake, wengine wakae kwa ujasiri gani? Riziki akifunga saluni, anarudi Lubondja kwenye mihogo ya baba mdogo, na ile mikono si ya jembe. Unajua alivyohangaika kujifunza kusuka, akianzia kwenye vichwa vyetu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Sitaki kulisema neno hilo juu ya mama yangu, basi usinilazimishe.

Nisalimie baba mdogo na mkewe kule Lubondja. Nisalimie shangazi wa Lweba, nimekumbuka ndagala wake aliowakausha na mchanga kidogo ndani. Mama mchungaji mwambie asante kwa kutoacha kuja kwa Riziki hata baada ya moshi, huyo ni mtu. Na yule mama wa ng'ambo ya barabara naye msalimie, umwambie Sifa yuko, anakula, na kichwani ana nywele zake mwenyewe.

Sasa fungua ile karatasi ndogo iliyokunjwa ndani ya bahasha. Usishtuke. Ni nywele zangu, nimezikata leo asubuhi kwa mkasi wa jikoni. Nazikabidhi kwa mtu, zitavuka bahari, zitapita mipaka na forodha, na mimi hapa nitalala usingizi wangu.

Jumamosi, soko likijaa, Riziki atoe kiti nje. Kaa, Mama. Akupunguze nywele watu wote wakiona, zako zianguke chini, na zangu azimwage hapohapo juu ya zako. Apitishe mashine, afungue kikombe, mzichome pamoja.

Mimi zangu nimeshazileta. Usiziache ziungue peke yao.

Ni mimi, uliyemsuka wa kwanza,
Sifa