Kitatange wa Mwalimu Okello

Kisugu, Kampala

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Dada Mwanasha aliniandikia kuwa umeanza tena kwenda mwambani kutafuta pweza. Nakuomba uache mpaka lipone. Mimi mwili ni mzima, ila moyo unachemka, na leo sitakuficha kitu, maana barua hii haipiti posta ya huku, ambako wanajeshi hufungua barua za watu. Ameibeba jirani yangu Mama Furaha, Mkongomani muuza vitenge. Ataitia posta akishavuka mpaka wa Busia kuingia Kenya.

Unamkumbuka kitatange, yule samaki wa mwambani? Nilipokuwa mdogo ulinionyesha kichanga chake dimbwini, cha buluu iliyokoza na miviringo myeupe, ukaniambia akikua atakuwa na mistari ya manjano. Nilikubishia siku nzima. Basi hapa chuoni Kyambogo, ninakotunza maabara, tunao wawili ndani ya chupa, mdogo na mkubwa. Dawa ya kuwahifadhi imekula rangi zao, lakini miviringo na mistari bado inaonekana. Mwalimu Okello, mkubwa wangu wa kazi, aliwabandikia jina moja.

Mwezi uliopita serikali ilituletea Kapteni awe msimamizi wa chuo. Siku moja aliingia katikati ya somo, akasimama mbele ya zile chupa.

"Samaki hii iko mbili," akasema. "Kwa nini jina moja?"

"Iko moja, Afande," Mwalimu akajibu kwa upole. "Hii ni mtoto. Ikikua inabadilisha nguo."

Msichana mmoja akacheka kusikia samaki ana nguo. Kicheko tu cha mwanafunzi, Mama! Kapteni akadhani anachekwa yeye. Akamzaba Mwalimu kofi mbele ya darasa lake, miwani ikaruka. Kisha akanigeukia.

"Wewe mtu ya bahari, sema. Moja ama mbili?"

"Ni mmoja, Afande. Mama yangu ndiye aliyenionyesha."

"Mama yako naye mwongo."

Askari wawili wakamburuta Mwalimu hadi garini. Kapteni akanipa kalamu: nikiandika majina mawili, Mwalimu atarudi, nikikataa, nami nitapelekwa aliko. Nikaandika. Jina la pili nililitunga papo hapo, la samaki ambaye Mungu hajamuumba.

Siku nne mfululizo mke wa Mwalimu alikuja mlangoni kuniuliza habari. Siku ya tano wakamrudisha Mwalimu. Sikio lake la kushoto halisikii tena. Nilidhani jambo la kwanza atalibandua lile jina. Wapi! Jana alisimama darasani akafundisha kuwa ni samaki wawili, akalitamka jina nililolitunga, na wanafunzi wakaandika. Hata yule msichana aliandika, hakuinua uso.

Darasa lilipotoka nilimfokea, Mungu anisamehe. "Mwalimu, unajua kuwa huo ni uongo!"

Akanigeuzia sikio lake zima. "Sema tena. Sijasikia."

Mama, nilichukua chupa tupu nikaenda kuziosha.

Nina hasira na Kapteni, na wale askari waliokuwa wakicheka wakati wanamburuta mtu mzima sakafuni. Nina hasira na mkono wangu huu unaokuandikia. Dada anataka nirudi nyumbani. Nikiondoka sasa, Kapteni atasema Mwalimu ndiye aliyenitorosha, na safari hii hatarudishwa. Kwa hiyo nipo. Naosha chupa, napiga saluti.

Nisalimie Mjomba Bakari fundi cherehani, na shangazi aliyenilea ulipokuwa mgonjwa. Dada Mwanasha anayekusomea, mwambie akimaliza aichome barua hii, wala asimsomee mtu mwingine.

Ni mimi mwanao, niliyesema kweli nilipoulizwa, kisha nikaandika uongo,

Hamisi