Begi la Jarvell

Shangazi Earline mpendwa,

Natumaini goti limepoa. Karanga za kuchemsha zilifika, na Jarvell alizila zote kabla sijaonja.

Unajua hakuna timu iliyomchagua walipogawana wachezaji wa vyuo, hivyo yuko kwenye timu yetu, huku kaskazini kwenye theluji, kwa majaribio tu. Akikimbia na mpira mkononi, mabeki watatu humwangukia, naye huinuka akiuliza, “Wengine wako wapi?” Mimi nilitaka kujua kwa nini begi ulilompakia hajalifungua tangu afike.

“Mama kanikataza mpaka nipate nafasi,” alisema. “Nawe acha umbea, binamu.”

Jana ilikuwa siku ya mchujo. Mimi, karani wa timu, ndiye ninayetumwa kuwaita wanaoachwa, nao huja kwa kocha kurudisha kitabu cha mbinu. Wakiniona, majitu hayo hujificha chooni. Kisha kocha akanituma kwa Jarvell.

Nilimkuta ameketi, begi begani. Akaninyooshea kitabu.

“Usiseme kitu. Mama nitampigia mwenyewe.”

Shangazi, nilimsukumia kitabu kifuani.

“Kaa na kitabu chako,” nikasema. “Nimetumwa kukuuliza namba. Anayebaki huchagua namba mpya.”

Alifungua begi, akatoa koti zito la theluji, akalitundika ukutani polepole.

“Ishirini na sita,” akasema.

Mikono ya koti ni mifupi, Shangazi, lakini tangu alivae leo asubuhi anakataa katakata kulivua.

Mtoto wa kaka yako,
Nettie