Milioni Moja na Moja

Jumanne, 4 Machi
Usaili wa mwalimu wa pili wa hisabati shuleni kwetu; wa kwanza ni mimi. Mimi ndiye bingwa wa jopo — cheo nimejipachika mwenyewe. Walikuja wawili, bwana mmoja na dada mmoja. Swali langu la kukata mzizi wa fitina: je, 1,000,001 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe? Bwana akasema ni tasa. Safi! Dada akasema si tasa, akaomba chaki aonyeshe. Nikamkatiza: "Dada yangu, hiyo nimeijaribu kwa mkono wangu." Jopo likacheka. Kazi kapewa bwana. Nimerudi nyumbani kifua mbele kama jogoo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemsimulia mke wangu. Yeye ni fundi cherehani, hana hamu na namba zisizovaliwa. Bila kuinua macho kwenye pindo akauliza niligawanya kwa ngapi. Kwa tasa zote, nikajigamba, ishirini na tano, hadi tisini na saba.
"Halafu?"
"Halafu nikachoka."
"Na inayofuata ni ngapi, baba watoto?"
Mia moja na moja. Nimegawanya juu ya karatasi yake ya kukatia mikono ya gauni. 9,901. Hakuna baki! Nikarudia. Hakuna baki!
Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliinama, nikasinzia humo humo.
Mke wangu hakucheka. Afadhali angecheka.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwambia mwalimu mkuu. Barua ya ajira imeshatoka, kasema. Nani mwingine anajua? Mke wangu. Akashusha pumzi — basi hakuna anayejua.
Nimeiandikia bodi ya shule, nikakiri yote.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemfuata yule dada. Anafundisha watoto wa mtaa kwenye stoo ya kaka yake, kati ya mifuko ya saruji. Nikaomba radhi. Akanipa chaki ile niliyomnyima, kisha akaninyang'anya aandike mwenyewe.
"Mbili mara mbili mara mbili, ongeza moja: tisa. Inagawanyika kwa tatu. Tatu mara tatu mara tatu, ongeza moja: ishirini na nane. Inagawanyika kwa nne. Sasa, Mwalimu — mia mara mia mara mia, ongeza moja?"
"Kwa mia moja na moja," nikanong'ona.
Sekunde kumi! Mimi nilitoka jasho mchana kutwa, na bado nikakosa.

Jumatano, 12 Machi
Bodi imetuita sote. Naandikia kwenye benchi la ukumbini, dada kando yangu. Ndani wanabishana: yule bwana keshaanza kazi, hafukuziki. Nafasi itoke wapi?
Dada kaniuliza kwa upole walimu wa hisabati hapa ni wangapi. Wawili, nikamjibu. Yule bwana na...
Dada anatazama viatu vyake.
Mlango umefunguliwa — wananiita mimi kwanza.